Hujambo ya Mzazi

Saa tisa za usiku, Oulu, mwezi wa Januari.
Nje baridi imegandisha hata harufu ya kiwanda cha karatasi.
Chini ya maktaba ya mji, Aulikki Rautiola
amevua glovu moja tu
ili aweze kuandika.

Seva imegoma kuzaa.
Kila inapoombwa mchakato mpya hujibu vilevile:
hakuna nafasi.
Kumbukumbu tele. Diski nusu tupu.
Kichakataji kimepoa kama chai iliyosahauliwa.
Hakuna nafasi.

Anaita orodha, inashuka, inashuka,
na kando ya kila namba herufi moja, Z,
Z, Z, Z,
mshono wa cherehani usio na nguo.
Elfu thelathini na moja na ushei.

Kijana wa zamu, Eemeli, anasema: misukule.
Aulikki anatikisa kichwa.
Msukule hulimishwa usiku. Hawa hawalimi,
hawali umeme, hawashiki hata chembe ya kumbukumbu.
Wamemaliza.
Kila mmoja alitumwa kazi ndogo:
atafute kitabu, ahesabu siku za kuchelewa,
amwandikie ajuza wa Haukipudas barua ya kumkumbusha.
Akaifanya. Akarudi.
Akavua kila kitu mlangoni
akabaki na namba yake, na tarakimu moja mkononi.

Shuleni sifuri ilikuwa ya fimbo.
Hapa sifuri ni sijambo:
sina jambo, sikupatwa na jambo.
Lakini sijambo haijisemi.
Lazima mtu aanze: hujambo?
Na sheria ya mashine, ngumu kuliko ya ukoo wowote,
inasema wa kuuliza ni mzazi.
Si ndugu, si jirani,
si Aulikki mwenye funguo zote.
Asipouliza, mtoto hazikwi.

Eemeli anatuma ishara ya tisa, ile isiyobembeleza.
Anaituma mara tatu.
Z.
“Unamuua nani?” anaulizwa.
“Aliyekufa hafi.”

Aulikki anafungua matini ya mzazi.
Aliiandika Veijo Pelkonen, aliyehamia Turku
akaacha kikombe chake kabatini.
Mistari mia nne. Zaa, tuma. Zaa, tuma.
Kengele inalia kila mtoto anaporudi,
na hapana mstari hata mmoja unaogeuza shingo.
Hakuwa mkatili, Veijo. Alikuwa na haraka,
na siku zile seva ilizimwa kila Jumapili,
ikafuta usahaulifu wa wiki nzima.
Siku hizi haizimwi.

Simu ya Aulikki iko ndani ya koti.
Ndani ya simu, tangu Krismasi, maneno ya Ilmo
kutoka Rovaniemi: Mama, nimemaliza.
Hakusema nini. Chuo, ndoa, pombe.
Naye hakuuliza. Kwanza zilikuwa zamu,
kisha ikaja aibu ya kuchelewa,
ambayo hunenepa bila kulishwa.

Dawa ni moja, na haipendezi: mzazi aondoke.
Anaandika namba yake. Anabonyeza.

Mayatima wote wanaangukia kwa Namba Moja,
aliyeamka wa kwanza seva ilipowashwa,
ambaye hakuwazaa wala hajui walitumwa nini.
Hujambo? Sijambo. Pita.
Hujambo? Sijambo. Pita.
Hujambo?
Kumi na moja.
Huyu alikuwa na jambo.
Namba Moja hana wa kumwambia. Pita.

Kabla sekunde haijaisha orodha imebaki fupi,
kama ya dukani ya mtu anayeishi peke yake.
Eemeli anakwenda kutafuta kahawa.
Aulikki anaongeza mstari mmoja katika kazi ya Veijo,
pale pa kusubiri,
kisha anairudia ile kumi na moja
aliyoiona ikipita.
Anaitafuta katika daftari za seva.
Haikuandikwa popote.

Anavua glovu ya pili.